Umbali au Mwanga: Kuchagua Zuumu Yako ya Kwanza

Hotuba kwa wapiga picha wanaoanza, Makadara, Nairobi

Shikamooni wazee wetu mliokuja kuwasindikiza vijana. Nanyi vijana, hamjambo? Karibuni sana.

Nimepita kati ya meza nikaziona kamera zenu, nyingine bado zina karatasi ya plastiki kwenye kioo cha nyuma, na nimefurahi kweli. Mtu anayetoa pesa kununua kamera katika mji huu, huku kodi ya nyumba na karo vikimngoja, ana jambo analotaka watu walione. Mtu wa namna hiyo sitaki apoteze hata shilingi moja kwa lenzi isiyomfaa.

Kijana mmoja amenisimamisha pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, zuumu ipi inavuta mbali zaidi, niinunue?" Swali hilo naulizwa karibu kila ninapokutana na mtu mwenye kamera mpya, kwa hiyo nitalijibu mbele ya wote. Kwa wengi wenu mlio humu, zuumu ya kwanza ya kununua isiwe ya kuvuta mbali. Iwe ya kuingiza mwanga. Wapo wachache ambao kwao jibu ni kinyume kabisa, na nitafika kwao.

Kwanza mfahamu kwamba zuumu wengi wenu mnayo tayari. Hiyo lenzi iliyokuja na kamera, iliyoandikwa 18-55mm, ni zuumu. Lenzi yoyote ambayo milimita zake zinabadilika ukizungusha pete ni zuumu, iwe inavuta mbali au haivuti. Kwenye 18 unapata sebule nzima na wageni wote; kwenye 55 unapata uso na mabega ya mtu mmoja. Wapiga picha walikaa muda mrefu bila kitu hiki. Zuumu ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35 ilikuwa Zoomar ya Voigtländer, mwaka 1959, na milimita zake zilikuwa 36 hadi 82. Hata baada ya hapo ilichukua miaka mingi kabla zuumu haijawa kifaa cha kila siku. Mpiga picha Priya Ramrakha, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1935 na akauawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra kule Nigeria, alipiga picha katika enzi hizo. Wapiga picha wa kizazi chake wakitaka uso wa mtu, mara nyingi walimsogelea. Nawaomba mzitafute picha zake mzitazame, maana huyu ni mtu wa mji wenu.

Namba za milimita nitazipitia haraka. Kamera nyingi za anayeanza zina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha, iliyo ndogo kiasi, ile inayoitwa APS-C. Kwenye Nikon, Sony na Fujifilm za aina hiyo unazidisha milimita kwa 1.5, na kwenye Canon kwa 1.6, ili ulinganishe na kamera za sensa kubwa kamili. Kwa hiyo lenzi ya 55-250mm kwenye Canon ya APS-C inakupa mwono wa milimita 88 hadi 400. Lenzi haijabadilika, sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu ya picha. Hesabu hii itawasaidia muuzaji akiwasisitizia kwamba 300 ni kubwa sana kuliko 250. Nendeni mkazijaribu zote mbili dirishani. Tofauti yake ni hatua chache za mguu.

Sasa nisikilizeni kwenye namba ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayotajwa kwa haraka dukani na ndiyo yenye uamuzi.

Mbele ya lenzi yenu pameandikwa 1:3.5-5.6. Hiyo ni habari ya tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi hiyo ikiwa kwenye 18 inaweza kufunguka hadi f/3.5, lakini ukiizungusha kufika 55 haifunguki zaidi ya f/5.6. Ukitoka f/2.8 kwenda f/4 umepoteza nusu ya mwanga. Ukitoka f/4 kwenda f/5.6 umepoteza nusu nyingine ya kilichobaki. Kwa hiyo lenzi ya f/5.6 inapitisha robo tu ya mwanga unaopitishwa na lenzi ya f/2.8. Chukulieni mlango wa kanisa baada ya ibada: ukifunguliwa robo, waumini ni walewale, lakini watachukua muda mara nne kutoka.

Na muda huo kamera inauchukua kwenye shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga kisha likafunga. Mahali ambapo f/2.8 inakuruhusu kupiga kwa sekunde 1/125, f/5.6 inakulazimisha kushuka hadi 1/30. Kwa 1/30 bibi harusi anayetembea kuelekea madhabahuni anatoka na ukungu, mguu mmoja haupo, tabasamu limefutika. Utaniambia lenzi yako ina kifaa cha kutuliza mtikiso. Ni kizuri, lakini kinatuliza mkono wako wewe. Bibi harusi bado anatembea. Njia nyingine ni kupandisha ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata, kutoka 1600 hadi 6400 kwa mfano huo huo, na hapo ngozi inajaa chengachenga na rangi za vitenge zinafifia.

Nami nawauliza: picha zenu mnazipigia wapi? Mnapiga kwaya ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. Mnapiga nikaha msikitini, ambako heshima inakutaka ukae na flashi yako imezimwa. Mnapiga ruracio, sherehe ya mahari, chini ya hema, jua kali nje na nyuso za wazazi ziko kivulini ndani. Mnapiga siku ya kuzaliwa ya mtoto sebuleni, Umoja au Buruburu, kwa taa moja ya darini. Mnapiga wasanii jukwaani, na matatu usiku zikiwa zimewashwa taa za kila rangi. Katika sehemu hizo zote mtu unayempiga yuko umbali wa hatua tatu, tano, labda kumi. Umbali haujawahi kuwa tatizo lenu. Kinachokosekana ni mwanga.

Halafu kuna jua letu lenyewe. Tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na jua hapa huzama wima. Ile rangi ya dhahabu ya jioni ambayo kila mmoja anaitaka, jua linapozama mnamo saa kumi na mbili na nusu, unaipata kwa muda mfupi sana. Baada ya kama dakika ishirini giza limeingia. Video nyingi za mafunzo tunazotazama zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako wakati wa kiangazi jioni inakawia. Anayefundisha pale ana saa nzima ya kubadilisha lenzi. Wewe uliye na wateja wako kwenye bustani ya Arboretum huna. Tundu kubwa linakuongezea dakika kadhaa za kazi kila jioni, na kwa mtu anayelipwa kwa picha, dakika hizo ni pesa.

Kwa hiyo ukiniuliza zuumu ya kwanza ya kununua, nitakutajia zile zenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Kwa wenye DSLR, yaani kamera zenye kioo cha ndani, za Canon na Nikon za APS-C, kuna Sigma 17-50mm f/2.8 na Tamron 17-50mm f/2.8. Zimekuwepo miaka mingi, na hilo ni jema, maana utazipata zilizotumika kwa bei nafuu kuliko mpya. Kwa wenye kamera zisizo na kioo cha ndani, Sigma ilitoa 18-50mm f/2.8 mwaka 2021, nayo ina uzito wa takriban gramu 300 tu. Ilianza na Sony, ikafuata Fujifilm na baadaye Canon. Tamron ina 17-70mm f/2.8, nzito kidogo, lakini hizo milimita 70 ni tamu sana kwa nyuso. Mkitazama mtaona milimita za lenzi hizi hazijaizidi sana lenzi mliyo nayo. Mtu asiyejua atasema umenunua kitu kilekile mara mbili. Mwambieni aje aone picha za kwaya.

Na ambaye pesa hazifiki hapo asivunjike moyo. Abaki na 18-55 yake, aongeze lenzi ya 50mm f/1.8. Hiyo si zuumu, milimita zake hazibadiliki, na sebuleni utajikuta umeegemea ukuta ukitafuta nafasi. Lakini inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na bei yake ni nafuu kuliko zuumu hizo za f/2.8.

Naam, mama, nimekuona. Mama anasema mwanawe ameambiwa anunue lenzi moja ya 18-200 amalize kazi. Mama, lenzi hiyo ina mahali pake. Mwanao akiwa mwandishi wa habari anayezunguka kaunti zenye vumbi, Turkana leo na Kajiado kesho, kutobadilisha lenzi barabarani kutaiokoa sensa yake. Ila tundu lake ni dogo kwenye milimita zote ndefu, na pembe za picha huwa laini, hazitoki kali. Kwa harusi na kanisa, mwambie asubiri.

Tukienda kwa hawa wachache niliowaahidi, nazungumza na wapenda wanyama, wapenda ndege na wapenda michezo. Nyinyi mnahitaji umbali, na ninawaunga mkono kwa moyo wote. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, ina simba na vifaru, na iko dakika chache kutoka katikati ya mji. Kijana wa Nairobi kumpiga kifaru picha huku majengo ya mji wake yakionekana nyuma ni jambo la kujivunia, na huwezi kulifanya kwa 55mm, maana hushuki garini ukamfuata kifaru.

Kwa hao, lenzi ya kuanzia ni ile ya kama 55-250mm. Ya Canon iliyotoka mwaka 2013, yenye alama ya STM, haifiki gramu 400, inatuliza mtikiso, na ni nzuri kuliko bei yake. Sony wana 55-210mm, Nikon wana 70-300mm ya AF-P. Kuweni waangalifu na Canon 75-300mm ambayo mara nyingi hufungwa pamoja na kamera kama zawadi ya lenzi ya pili: haina kifaa cha kutuliza mtikiso, na kwenye 300 kila pumzi yako itaonekana kwenye picha. Ukilazimika kuchagua, chukua 250 yenye kutuliza uache 300 isiyotuliza.

Lenzi ndefu ina masharti. Shata yako isishuke chini ya sekunde moja ikigawanywa kwa milimita unazotumia, ukishazizidisha kwa ile 1.5 au 1.6 ya APS-C. Kwenye 250 ya APS-C mimi hukaa kwenye 1/400 au zaidi. Zimeni injini ya gari, mtetemo wake unafika kwenye picha. Chukueni mfuko wa kitambaa, mtie maharagwe kilo moja au mbili, muuweke kwenye dirisha la gari na lenzi juu yake. Nimeona ukishinda stendi za bei kubwa. Na ingieni asubuhi mapema. Kuanzia kama saa nne, ardhi ikishapata joto, hewa inayopanda hupinda mwanga, na mnyama aliye mbali anatoka kama anatetemeka. Watu huja kwangu wakilalamika kwamba lenzi ni mbovu, nikiwauliza saa waliyopiga wananiambia saa saba mchana. Hata lenzi ghali kupita zote haiwezi kuisafisha hewa hiyo.

Kwa ndege wadogo kule msitu wa Karura hata 250 itawaacha na njaa. Hapo ni 400 kwenda juu, na zile 150-600mm za Sigma na Tamron zina uzito wa karibu kilo mbili au zaidi. Anzeni na makorongo wakubwa wenye upara wanaokaa kwenye miti karibu na uwanja wa Nyayo. Wanatulia, wamewazoea watu, na 250 inawafikia vizuri.

Kwa mpira, mechi ya mchana pale uwanja wa Camp Toyoyo jua linakupa kila kitu, f/5.6 inatosha na picha zinakuwa safi. Mechi ya usiku chini ya taa ni habari nyingine. Hapo inatakiwa 70-200mm f/2.8, ambayo kwa DSLR za Canon na Nikon inakaribia au kupita kilo moja na nusu na mara nyingi bei yake inaipita ya kamera yako. Hiyo msinunue sasa. Kodisheni kwa siku moja, fanyeni kazi, mrudishe. Wakodishaji wa vifaa vya picha wapo hapa mjini, na kukodisha siku moja kutakufundisha kuhusu lenzi zaidi ya mwezi mzima wa kuuliza watu.

Lingine nalisema kwa sababu nawapenda. Lenzi kubwa inatangaza bei yake barabarani. Ukiwa na lenzi fupi kwenye begi la kawaida unapanda matatu, unashuka Railways, unatembea hadi kazini. Ukiwa na lenzi ndefu nyeupe kama bomba begani unahitaji teksi na mtu wa kukusindikiza. Wekeni gharama hiyo kwenye hesabu mnapolinganisha bei.

Utajuaje uko kundi gani, la mwanga au la umbali? Usiniulize mimi, wala usimuulize muuzaji. Kamera yako huandika ndani ya kila picha milimita ulizotumia, tundu, shata na ISO. Unaweza kuziona kwenye kioo cha nyuma, au kwenye kompyuta kwa programu za bure kama digiKam na darktable. Chukua picha mia mbili za mwisho, zile ulizopiga kwa hiari yako, upite moja moja. Zikiwa nyingi ziko kwenye 55 na bado ulizikata pembeni ili mtu aonekane mkubwa, na zilipigwa nje mchana, wewe ni wa umbali. Zikiwa na ISO ya juu, shata ya chini, na nyuso zenye ukungu, wewe ni wa mwanga. Zikiwa nyingi ziko kwenye 18 na mgongo wako uko ukutani, basi hata hizo mbili si zako. Tafuta lenzi pana kama 10-18mm. Na kama hujafikisha picha mia mbili, kaa na pesa zako kwanza.

Kabla ya kulipa hakikisheni lenzi inaingia na inafanya kazi kwenye kamera yenu. Lenzi za Canon za RF, zile za kamera zisizo na kioo cha ndani, haziingii kwenye DSLR. Za EF na EF-S, zile za DSLR, zinaingia kwenye kamera mpya za RF kwa kiunganishi. Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao hazina ndani mota ya fokasi, ile inayoifanya picha iwe kali, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitafungika vizuri lakini utafokasi kwa mkono. Tafuteni AF-S au AF-P, zenye mota ndani ya lenzi yenyewe. Na AF-P nayo haifokasi kwenye baadhi ya kamera za Nikon za zamani. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asijue hili.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kamera yako, kadi yako na tochi. Elekeza tochi upande mmoja wa lenzi utazame upande wa pili. Vumbi dogo lisikutishe. Ukiona nyuzinyuzi zinazotambaa kwenye kioo, hiyo ni kuvu, na lenzi zilizokaa Mombasa au Lamu bila kutunzwa huipata kwa urahisi kwa sababu ya unyevu. Iache hapo hapo. Zungusha pete ya zuumu mwanzo hadi mwisho, isikwame na isikwaruze. Inamisha lenzi ikitazama chini uone kama inajirefusha yenyewe. Kisha piga bango lenye maandishi kwenye ukuta wa mbele, tundu likiwa wazi kabisa, kwenye milimita za chini, za katikati na za juu, ukuze picha utazame pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine mkali, kuna kioo kimehama ndani, huenda ilianguka. Andika namba ya lenzi kwenye risiti na uchukue jina la aliyekuuzia. Lenzi yenye bei ya ajabu na isiyo na risiti huenda inaliliwa na mpiga picha mwenzako mtaa wa pili.

Nimesema vya kutosha, na kamera ziko mezani. Washeni sasa, mfungue picha zenu za mwisho, mtoe kalamu. Chora safu mbili kwenye karatasi: kushoto milimita, kulia ISO. Dada uliyekaa hapa mbele mwenye Nikon, lete yako tuanze nayo, wengine msogee mwone jinsi ya kusoma hizo namba.